Kupanda Mlingoti Bila Kushikwa

Siku ile mjinga alikuwa Spoku mwenyewe, na tuliseme hilo mapema asije akasingiziwa mtu mwingine. Ukumbini walikuwemo watu saba. Mmoja, kijana wa kubeba vifaa, alikuwa na mafua, mwingine alikuwa amesahau viatu vya mazoezi nyumbani, na wote hao wangeweza kusamehewa neno la kijinga. Lakini aliyefungua kinywa akasema, "Nitapanda mwenyewe, hiyo ni kazi ya dakika tano," alikuwa Spoku, fundi baiskeli wa miaka arobaini na saba, mwenye akili zake timamu na goti moja linalolia kama bawaba iliyokosa mafuta.

Kitu alichoapa kukipanda kiliitwa Mlingoti. Ilikuwa baiskeli ya gurudumu moja, ila si ile fupi ambayo mtu akiikalia vidole vya miguu vinakaribia kugusa chini. Hii Spoku aliiunda mwenyewe kwa kuunganisha fremu mbili za baiskeli zilizokwisha kufa, moja juu ya mwenzake. Chini gurudumu, juu kabisa kiti, na kati yake pedeli zinazolizungusha gurudumu kwa mnyororo mrefu. Ukisimama kando yake, kiti kinakufika kwenye nyusi. Haina usukani, haina breki, haina huruma. Ukishakuwa juu, unaiendesha kwa kiuno na kwa imani.

Kuiendesha, Spoku alijua sana. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akizunguka nayo viwanjani na kikundi chao cha sarakasi, akipunga mkono, akivua kofia, akijifanya anaanguka halafu haanguki, watoto wakipiga kelele mpaka sauti zinawakauka. Asichokijua ni kupanda. Kupanda kulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mkewe. Kila onyesho ni yeye aliyesimama nyuma ya Mlingoti, akaubana kwa magoti na kuushika kwa mikono miwili, mumewe akakwea, nusu juu ya chuma na nusu juu ya bega la mkewe, akakaa, akajiweka sawa. Hapo mke huitikisa fremu kidogo, husema, "Haya, nimeachia," na Spoku huondoka kama mfalme. Mfalme alipigiwa makofi. Aliyebaki nyuma akijipangusa vumbi la kiatu begani hakuna aliyemtazama, na yeye mwenyewe hakuonekana kutaka kutazamwa.

Hivyo ndivyo Spoku alivyodhani kwa miaka kumi na miwili. Kumbe mwanamke alikuwa na yake.

Alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, kazi ambayo nusu yake ni kupika na nusu nyingine ni kuosha sahani za watoto mia na ishirini. Siku moja, akisubiri maji yachemke, aliweka sahani ya plastiki kwenye ncha ya mpini wa ufagio akaizungusha. Ikaanguka. Akaizungusha tena. Maji huchelewa kuchemka kila siku, na siku zilikuwa nyingi, basi baada ya miaka miwili alikuwa anazungusha sahani tatu kwa pamoja, jikoni, mlango umefungwa, na msaidizi wake akila kiapo cha kutosema. Nyumbani Spoku alimsikia akigongagonga vyombo akadhani anavikausha. Aliwahi hata kumwambia kwamba siku hizi vyombo vyake vinachukua muda mrefu kukauka, labda ni hali ya hewa.

Aliyemfuma ni Mwalimu, kiongozi wa kikundi, mama wa miaka sitini na miwili mwenye mgongo ulionyooka kama rula na filimbi shingoni. Alirudi ukumbini kuchukua mwavuli, akamkuta mke wa Spoku peke yake katikati ya sakafu, vijiti vitatu mkononi. Mwalimu alichukua mwavuli wake akaondoka. Juma lililofuata alikuja na boksi. Ndani mlikuwa na sahani sita za kauri nyeupe na vijiti sita vyenye vikalio vya kusimama chini. Za plastiki, alisema, hazimeremeti, mtu wa nyuma atadhani anatazama kofia. Tangu hapo kikundi kizima kikamwita Mama Sahani, na yeye, ambaye kwa miaka yote hiyo aliitwa mke wa Spoku, akawa anaitika haraka kidogo kuliko kawaida.

Sasa turudi kwenye siku ya ujinga. Mwalimu alikuwa akisoma mpangilio wa onyesho la uwanja wa shule ya msingi, ambalo lilikuwa limebakiza siku kumi na mbili. Alipofika mwisho akasoma kwamba Mama Sahani atakuwa katikati ya uwanja, sahani zote sita zinazunguka, na Spoku atamzunguka yeye juu ya Mlingoti. Wote wakaona picha hiyo vichwani mwao, wakaipenda. Kisha mpiga ngoma akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa analikwepa: nani atamshika Spoku?

Wakahesabu mikono. Ndugu wawili wa sarakasi za viungo watakuwa ndiyo kwanza wametoka kupandana mabegani, hawana pumzi ya kushika hata kikombe. Kijana mwenye mafua ni mwembamba, bega lake halibebi zaidi ya kofia. Mwalimu atakuwa na kipaza sauti. Mpiga ngoma atakuwa na ngoma, na hata asingekuwa nayo, aliwahi kumshika Spoku mara moja, simu ikaita mfukoni mwake, akaipokea. Ukuta wa kuegemea uwanjani hakuna, na nguzo za goli ziko kulekule mbali.

"Basi mimi nitashika," akasema Mama Sahani. "Sahani zitasubiri onyesho jingine."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayekunja kitambaa kizuri na kukirudisha kabatini. Spoku aliisikia sauti hiyo ikamchoma. Aliitambua. Alikuwa ameisikia mwaka ule wa mafunzo ya upishi yaliyoahirishwa, na ule wa safari ya kwenda kwa dada yake, na hakuwahi kuigundua kuwa ni sauti ya namna yake, alidhani ndivyo mkewe anavyoongea. Ndipo maneno yakamtoka kabla ya akili kuyakagua. Atapanda mwenyewe. Dakika tano.

Mwalimu hakuwa mtu wa kubembeleza ahadi. Aliandika kwenye daftari lake na kusoma alichoandika: Alhamisi, siku mbili kabla ya onyesho, Spoku atapanda mbele ya wote, bila mkono wa mtu, bila ukuta. Akishindwa, sahani zinarudi kwenye boksi na mkewe anarudi nyuma ya gurudumu. Wote wakakubali. Mama Sahani alimgeukia mumewe akauliza kama dakika tano hizo zinaanza leo au kesho.

Zilianza kesho yake alfajiri, nyuma ya karakana, kwenye uchochoro uliosakafiwa saruji. Mambo yenyewe kwa maneno ni mepesi. Unasimama nyuma ya Mlingoti, unashika kiti. Mguu mmoja juu ya tairi, mwingine juu ya pedeli iliyo chini, unajivuta, unakaa, unaondoka. Spoku alifanya yote kwa mpangilio huohuo, isipokuwa palipokuwa na kukaa yeye alilala, na palipokuwa na kuondoka ni Mlingoti ulioondoka.

Siku ya kwanza alianguka upande wa kulia. Ya pili alianguka upande wa kushoto, akaona ni maendeleo. Ya tatu alihamia mbele ya karakana kwa sababu uchochoroni kulikuwa na kona nyingi za kugonga kichwa, na huko mbele akajipalia makaa, maana ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa na viti viwili vilivyoelekea barabarani, na wateja wake, badala ya kutazama kioo, wakawa wanatazama bure tamasha la jirani. Wengine walikuja hawana nywele.

"Jirani," kinyozi alimwita siku hiyo ya tatu, mashine mkononi, "nimekaa nahesabu hapa. Umepanda mara kumi na nne, umeshuka mara kumi na tano. Hiyo moja umeitoa wapi?"

Spoku alimjibu kwamba hiyo moja ni ya akiba.

Sasa fundi akishindwa na kitu, cha kwanza kukilaumu ni chuma. Siku ya nne Spoku hakupanda hata kidogo. Alikaa na mashine ya kuchomelea, akauongezea Mlingoti kikanyagio kizuri cha chuma ubavuni, mahali pa kuweka mguu wa kwanza, ili asihangaike na tairi linaloteleza. Alikisugua kwa msasa, akakipaka rangi, akakisifu. Siku ya tano akakikanyaga. Kumbe ule mguu juu ya tairi haukuwa ngazi tu, ndio uliokuwa breki: unyayo ukijibana kati ya tairi na fremu, gurudumu halina pa kwenda. Ulipohamia kwenye kikanyagio kizuri, gurudumu likawa huru kama mwanafunzi wa Ijumaa. Spoku alibaki amekaa chini barabarani ameshika hewa, na Mlingoti ukavuka barabara peke yake, wima, kwa heshima zake, ukapita mlangoni kwa kinyozi na kwenda kuegemea kiti kilichokuwa wazi.

Kinyozi aliugeukia akauliza kama ni nywele au ndevu.

Spoku alikikata kikanyagio jioni hiyohiyo. Lakini hata katika aibu ile alikuwa amefunuliwa kitu, na siku ya sita alibana unyayo juu ya tairi kama anavyobana mlango wakati wa upepo. Mlingoti ukatulia. Akapanda pedeli. Akajivuta. Akakaa juu ya kiti, matako yote mawili, peke yake, hakuna mkono wa mtu, akaona paa la kinyozi na kila kilichotupwa juu yake: viatu vitatu na mpira. Kisha akaanguka chali.

Na tangu hapo ikawa hivyo. Kupanda alikuwa amejua. Akikaa tu, kitambo kidogo cha nukta moja hivi, Mlingoti unarudi nyuma na yeye nao. Si kulia, si kushoto, nyuma kila mara. Alikisogeza kiti mbele kidole kimoja. Alikirudisha. Alikaza mnyororo, akaulegeza, akajaza upepo, akaupunguza. Kinyozi alishauri apunguze uzito wa upande wa nyuma, na alionyesha ni upi. Mmoja wa wale ndugu wawili alipita akasema ni woga, ingawa alilisema akiwa mbali.

Ukweli ni kwamba woga ulikuwa umekwisha siku ya tano. Spoku alikuwa amejifunza kuanguka. Akiona mambo yanaharibika anaruka, anadaka kiti kwa nyuma, anatua kwa miguu miwili kama paka aliyesukumwa dirishani, goti linalia kidogo, basi. Na tukisema yote, alikuwa anafurahia. Alfajiri ilikuwa na harufu ya mpira na grisi, barabara tupu, mwili unauma mahali papya kila siku, na tangu ujana wake hakuwa amekuwa mbovu katika jambo lolote kwa bidii namna hiyo. Kilichomkosesha raha ni kimoja tu. Kila jioni, akifika nyumbani, alimkuta mkewe uani na sahani zake za kauri. Zilikuwa nne, kisha tano, na Jumanne zikawa sita. Alikimbia kutoka kijiti hadi kijiti akiviamsha vilivyolegea, kanga imefungwa kiunoni, na zote sita zikazunguka kwa muda ambao mtu angeweza kunywa chai taratibu. Hakumuuliza mumewe amefika wapi. Alimuuliza tu kama anataka maji ya moto ya mgongo.

Jumatano saa kumi jioni alikuja karakanani, aproni ya jikoni bado mkononi. Spoku alikuwa amemwomba tangu mwanzo asije, na yeye hakuwa amekuja. Sasa alisimama pale mlangoni, akatazama michubuko ya mumewe mmoja mmoja kama anayekagua mboga.

"Mume wangu," akasema, na Spoku akajua mambo ni mazito, maana siku za kawaida alimwita Spoku kama watu wote. "Kesho nitamwambia Mwalimu nashika. Usivunjike kwa ajili ya sahani."

Ilikuwa sauti ileile ya kabatini.

Spoku hakubishana. Alimwambia tu akae kwenye kigoda atazame mara tatu, halafu aseme chochote anachotaka. Mkewe alikataa kigoda. Alisimama nyuma, mahali pake pa miaka kumi na miwili, ila mikono aliifunga mgongoni ili isije ikajiendea yenyewe. Spoku akapanda, akakaa, akarudi nyuma, akatua kwa miguu. Akapanda tena, akakaa, akarudi nyuma. Mara ya tatu alipoanza kurudi nyuma alisikia mkewe anacheka, si kicheko cha dhihaka, kile cha mtu aliyeona miwani aliyoitafuta iko usoni pake.

"Unasubiri nini ukifika huko juu?"

Spoku akasema hasubiri kitu, anajiweka sawa.

"Umeshakuwa sawa. Unapanda vizuri, unakaa vizuri, halafu unageuza sikio nyuma hivi." Akamwigiza, kichwa upande, kidevu juu, kama kuku anayesikiliza mvua. "Unanisubiri mimi. Unasubiri niseme nimeachia."

Fundi alisimama ameshika kiti cha Mlingoti, akaitazama miguu yake. Miaka kumi na miwili miguu yake haikuwahi kukanyaga pedeli kabla ya neno hilo. Haikuwa imefundishwa. Akikaa inangoja, na chombo chenye gurudumu moja hakijui kungoja: lazima kianze kuangukia mbele, nawe ulisukume gurudumu likidake, na hayo yote yaanze kabla makalio hayajaamua kwamba yamefika.

Kwanza walijaribu njia ya kijinga, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Mkewe alisema, "Nimeachia," naye akaenda hatua sita, vizuri kabisa. Lakini Jumamosi mkewe atakuwa katikati ya ngoma na kelele za watoto mia tano, sahani sita mbele yake, nani atamsikia? Spoku akajaribu kujisemea mwenyewe. Alipanda akasema kwa sauti, "Nimeachia," na kufika kwenye "chia" alikuwa tayari chini. Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake kwa adabu isiyo ya kawaida, aliuliza kama kuna neno fupi zaidi.

"Usikae," mkewe akamwambia mwishowe. "Wewe sahau kwamba kuna kiti. Panda kama unayepita tu."

Alipita mara ya tisa. Unyayo ulitoka kwenye tairi, ukaikuta pedeli ya pili ikiwa tayari inashuka, kifua kikatangulia mbele kama mtu anayechungulia dirishani, na kiti kikamfuata chenyewe. Alikwenda mpaka kwenye kona ya mtaa, akageuka, akarudi, akapita mbele ya kinyozi bila kumtazama kwa makusudi kabisa. Mkewe alikuwa amesimama palepale, mikono bado nyuma. Akaileta mbele, akaitazama kana kwamba haamini kuwa haikufanya lolote.

Alhamisi alipanda mbele ya kikundi kizima, mara mbili kati ya tatu. Mwalimu alilitazama daftari lake, akaona hakuandika idadi, akapiga filimbi fupi iliyomaanisha sawa. Tena akamwambia Mama Sahani ayaangalie majani ya uwanjani, yana unyevu, vikalio vya vijiti visizame.

Majani yenyewe ndiyo yaliyomsubiri Spoku. Jumamosi mchana uwanja ulijaa, watoto mbele wameketi, wazazi nyuma wamesimama, na kinyozi, aliyefunga duka akaandika mlangoni "nimeenda kazini," amejipatia kiti cha mwalimu mkuu. Ndugu wawili walipandana mabegani wakashuka. Ngoma ikabadilika. Mama Sahani akaingia katikati na nguo yake ya buluu, akaamsha sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ilipofika ya sita uwanja mzima ulisema "sita," na Spoku, peke yake na Mlingoti kwenye majani matupu, akabana unyayo juu ya tairi.

Gurudumu lilizama kidogo tu, kina cha ukucha. Lilipotakiwa kwenda, lilikataa. Spoku alianguka mbele ya watu wote wale, akatua kwa miguu, akateleza, akakaa. Uwanja ukashusha pumzi. Ngoma ikapoteza pigo moja.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kumtazama mkewe. Alijua angefanya nini, angefanya kile ambacho amefanya siku zote: angekuja mbio. Na sahani moja ya pembeni ilikuwa kweli imeanza kuyumba, ikiinamia chini kama mtu anayesinzia. Mama Sahani alikuwa ameshageuza kichwa. Alimwona mumewe chini. Waliangaliana kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu akamgeuzia mgongo, akaenda kuiamsha sahani yake.

Spoku alikuwa amekaa kwenye majani mabichi, suruali imelowa, watoto mia tano wanamcheka, na alijiona mtu mwenye bahati sana. Akainuka. Aliuhamisha Mlingoti hatua tatu, mahali palipokuwa pakavu, akabana unyayo, akapita kama mtu anayepita tu, na kiti kikamfuata.

Alimzunguka mara saba. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho kwa miaka kumi na miwili hakikuwahi kuonekana kutoka mahali pake pa kifalme, kwa kuwa mwenye nacho alikuwa nyuma daima: uso wa mkewe akiwa kazini. Ncha ya ulimi ilikuwa imetokeza pembeni mwa midomo. Macho yalikwenda kutoka sahani hadi sahani kama ya mtu anayehesabu watoto wake wakivuka barabara. Alikuwa na jasho, alikuwa anatabasamu, na hakumtazama hata mara moja. Spoku alisahau kuvua kofia. Walipomaliza, makofi yalikuwa mengi, na sehemu kubwa, mtu yeyote mwenye masikio angesema, haikuwa yake.

Mabishano yalianza wakati wa kufungasha, watoto wameshaingia madarasani kuchukua mikoba yao. Mwalimu alikuwa ameridhika, lakini kuridhika kwake hakukuwahi kumzuia kutafuta kasoro. Alisema lile anguko halikupendeza. Kinyozi, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, alisema kwamba lilipendeza kuliko yote aliyowahi kuyaona, na yeye ameyaona mengi. Mpiga ngoma alisema lilimharibia pigo. Spoku alisema ni majani, kwenye saruji haanguki. Kinyozi alikohoa. Spoku akasema, haya, haanguki sana.

Mwalimu akainua mkono wakanyamaza. Hakuna ubaya, alisema, sahani zimebaki, zimewapendeza watu, na zitakuwemo kila onyesho. Ila ana rai. Onyesho lijalo Mama Sahani asimame kwanza na mumewe, amshike kidogo tu, kitambo, mpaka aondoke vizuri, ndipo akimbilie sahani zake. Kijana yule mwenye mafua anaweza kuziamsha mbili tatu za mwanzo. Hapotezi kitu, na mzee wake haanguki. Wale ndugu wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mpiga ngoma naye akaona ni busara. Spoku alifungua kinywa kupinga, lakini kila hoja aliyoitafuta ilianguka chali, na wote wakamgeukia mkewe, wakijua atakavyojibu, maana huyo hakuwa na kawaida ya kukataa.

Mama Sahani alikuwa amepiga magoti kando ya boksi, akizifunga sahani zake kwenye magazeti moja baada ya nyingine. Hakuinua kichwa mpaka alipoiweka ya sita.

"Mwalimu," akasema, "sahani zangu zikianguka zinavunjika. Huyu akianguka anainuka. Sasa niambie wewe nishike kipi."